Ampli Isiyonguruma

Baba yangu wa ubatizo, ambaye nyumbani kwetu hakuitwa kwa jina lingine ila Parrain, alitembea siku zote mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Alisalimia watu kwa mkono mmoja, alifungua geti kwa mkono mmoja, alishika kitabu cha nyimbo kanisani kwa mkono mmoja. Kwenye picha ya ndoa yangu wazee wote wamesimama wima juu ya ngazi za kanisa, mikono yao inaonekana. Yeye peke yake yuko kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya suruali.

Wasiomjua walisema ni maringo. Haikuwa maringo. Kazi ya mshahara aliifanya katika karakana ya simu ya reli, lakini kazi ya moyo aliifanya nyumbani kwake, mtaa wa Makomeno, hapa Lubumbashi. Alikuwa akiunda ampli, mashine za kukuza sauti, kwa kutumia zile taa za kioo zilizotolewa ndani ya redio za zamani. Sisi tuliziita lampe. Lampe zinataka umeme mkali wa kuweza kumuua mtu, na yule aliyemfundisha kazi alimwonya: mkono mmoja ukigusa pabaya na mwingine umeshika chuma, umeme unapita kifuani. Basi mkono mmoja ukae mfukoni. Mkono ukazoea, ukakataa kutoka hata mahali pasipo na umeme.

Mkono huo ulimletea matatizo. Miaka ile wafanyakazi walikusanyika uani kabla ya kazi, wakaimba na kucheza kwa ajili ya Chama, kisha bendera ikapandishwa. Kiongozi wa Chama pale karakana, mtu wa abacost, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, aliuona ule mkono.

"Citoyen, mukono!" Citoyen, raia, ndivyo watu walivyoamriwa kuitana.

Parrain akautoa. Asubuhi iliyofuata ulikuwa umesharudi. Akaitwa mbele ya wenzake wote.

"Juu ya nini unazarau bendera?"

"Citoyen, miye niko na eshima ya bendera. Ni mukono njo unaogopa courant."

"Courant gani mu bendera?"

Parrain akatazama juu. Wingu lilikuwa limejaa. "Muti ya bendera iko ya chuma, citoyen. Na mvula iko inakuya."

Wenzake walisimulia kwamba kiongozi alisogea mbali na mlingoti kabla ya kukumbuka kukasirika. Parrain aliwekwa mstari wa nyuma, na huko nyuma alibaki mpaka alipostaafu.

Yeye mwenyewe hakuwa akitania. Mtu huyo ambaye aliingiza vidole ndani ya mashine za kuua aliogopa radi kuliko mtoto mchanga. Mwezi wa kumi na moja ngurumo ya kwanza ilipotoka upande wa Naviundu, alichomoa kila waya ndani ya nyumba, akaenda kukaa chumbani na rozari. Mke wake alimcheka. Alikuwa anacheka peke yake, kwa sababu sisi wengine tulimheshimu mno.

Jumapili baada ya misa nilipitia kwao. Nilikuwa nimeshaolewa, nashona nguo Naviundu, na mume wangu alikuwa Kolwezi wiki nzima kwa kazi. Nyumba ya Parrain ndiyo ilinipokea. Sebule yake ilikuwa na viti vya mbao, kabati ambalo mlango wake mmoja alikuwa ameutoboa akaweka spika, na meza ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe. Tulikaa. Lampe zilichukua muda kupata moto. Zikaanza kuwa nyekundu kidogo kidogo. Akaweka sahani ya santuri, na kabla hajashusha sindano akainua kidole.

"Sikia kwanza pale hakuna kitu."

Tukasikiliza. Ndani ya spika kulikuwa na mngurumo, wa chini, usiokatika. Sisi tuliona ni kawaida, kila redio ilinguruma. Yeye ulimtesa.

"Munasikia? Eko palepale. Unaweka guitare muzuri, sauti ya bantu muzuri, na ile kintu iko inapiga kelele chini yabo. Haiondoke."

Kisha akashusha sindano, na hapo ikawa marufuku kusema. Wageni walinyamazishwa. Padri alinyamazishwa. Lakini yeye mwenyewe aliongea wimbo mzima, akieleza lampe ipi inafanya nini, mpaka wimbo ukaisha na hakuna aliyesikia kitu. Alipenda rumba kwa moyo wote na sikuwahi kumwona akicheza hata hatua.

Mke wake nilimwita Mama wa Makomeno, nisimchanganye na mama yangu mzazi. Mume na mke wote wawili walitoka kaskazini, watoto wa watu wa reli, na watoto wao wenyewe walikuwa wamesharudi huko, Kongolo. Mama huyo alijulikana kwa sauti. Bukari, ule ugali wetu, ikiiva, avenue nzima, yaani mtaa wote, ilijua. Akiuliza shati liko wapi, watu waligeuka barabarani. Walisema: yule mzee ni mpole, lakini mwanamke wake, hapana! Anamlalamikia asubuhi mpaka jioni. Hata padri aliwahi kuhubiri juu ya wake na ulimi, huku akitazama mstari wao.

Jambo moja lilinishangaza bila kulifikiria sana. Alipokuja kwangu peke yake kupimwa nguo, alisema kwa sauti ndogo kiasi cha kunifanya nisimamishe cherehani nimsikie. Nilidhani amechoka na njia.

Nirudi kwenye mngurumo. Chanzo chake Parrain alikijua: transfo, kile chuma kizito kilichozungushiwa nyaya za shaba, kinachopokea umeme wa ukutani na kuulisha ampli. Transfo nzuri ingepunguza mngurumo, lakini transfo nzuri inataka waya mwingi wa shaba, na waya huo haukupatikana. Hilo lilimkasirisha kuliko yote. Tuliishi chini ya lile bomba refu la kiwanda cha shaba, moshi wake ulituwasha macho, mabehewa ya shaba yalipita kila siku kwenye reli aliyoitumikia yeye, na mjini mtu hakuweza kupata waya wa kutosha kusokota transfo moja.

"Shaba inapita hapa," aliniambia, akionyesha reli kwa kidevu kwa kuwa mkono ulikuwa mfukoni. "Inatupita, inaenda ku mayi mukubwa. Shiye tunabakia na moshi."

Mke wake akapaza sauti kutoka jikoni: "SEMA POLE! BANTU BANASIKIA!"

Halafu mwaka mmoja ofisi moja kubwa mjini ilibadilisha mashine zake za hesabu, na zile zilizoharibika zikatupwa nyuma ya jengo. Rafiki yake mmoja aliyefanya kazi pale akapata ruhusa, akamletea visanduku kadhaa vya chuma vilivyotolewa ndani yake. Parrain alikibeba kimoja juu ya kiganja akacheka kwa mshangao. Kilikuwa chepesi.

"Hii njo transfo yabo," alisema. "Hakuna transfo."

Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa. Wafaransa wanakiita alimentation à découpage. Yeye alikiita ya kukata-kata. Badala ya kuupokea umeme jinsi unavyokuja, polepole, kinaukata vipande vidogo, upesi kupita akili, halafu kinaulainisha. "Sawa vile Mama anakata mboga ya lengalenga. Ukikata kidogo-kidogo sana, haiombe sufuria mukubwa." Na kwa kuwa kinakata upesi hivyo, kitransfo kilichofichika ndani kinaweza kuwa kidogo kama kiberiti, na shaba yake ni mikono michache tu ya waya.

Kisanduku kilitengenezwa kwa mashine za hesabu, zinazokunywa umeme mdogo. Lampe zinataka mkali. Basi akakifungua kile kitransfo, akakisokota upya kwa waya mwembamba aliotoa kwenye simu mbovu. Alivichoma viwili. Cha tatu kilimtupa ukutani, mkono ukiwa mfukoni, na Mama akapiga ukelele uliofika kanisani. Cha nne kikafanya kazi.

Shida ya kwanza ilitoka kwa jirani, mstaafu wa mgodi ambaye kazi yake iliyobaki duniani ilikuwa kusikiliza mpira redioni. Parrain akiwasha ampli, redio ya jirani ilijaa mlio wa mafuta yanayokaanga. Mzee akapanda juu ya tofali akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Ndugu! Balifunga bao! Nani alifunga? Juu yako sijue nani alifunga!"

Parrain aliomba msamaha, akaenda kukata makopo ya maziwa ya unga, akayaunga kwa risasi ya kulehemu, akatengeneza nyumba ya bati kuzunguka kile kisanduku. Kelele ikapungua. Lakini kila siku ya mpira alizima kabisa, na mwishowe alipeleka kiti upande wa pili wa ukuta, wakawa wanasikiliza pamoja, yeye asiyependa mpira.

Jumapili ya kuonyesha kazi tulikuwa watatu tu: yeye, Mama na mimi. Lampe zikapata moto. Akainua kidole.

"Sikia."

Mngurumo haukuwepo. Nilikuwa nimeuzoea miaka mingi kiasi kwamba kutokuwepo kwake kulinishtua. Parrain alikuwa amefumba macho. Uso wake sijui niuelezeje, alionekana kijana.

"Hakuna kitu," alisema. "Mungu wangu, hakuna kitu."

Lakini mimi nilisikia kitu. Kilikuwa juu, chembamba sana, kama mbu aliyefungwa ndani ya chupa.

"Parrain," nikasema, "mngurumo umeisha. Lakini kuna kamulio kadogo. Kule juu."

Alifungua macho. Akasogeza sikio kwenye spika, kisha kwenye sanduku la bati, akageuza na sikio la pili.

"Kamulio gani? We unasikia?"

"Ninasikia."

Akamgeukia mke wake. "Na we?"

Mama alitazama sakafu. Kisha alijibu kwa sauti ile ndogo ya nyumbani kwangu: "Minasikia."

"Nini?"

"MINASIKIA!"

Hakuweka santuri siku hiyo. Alikaa akitazama lampe zake mpaka nilipoaga.

Jumapili iliyofuata alinikuta getini, hana huzuni, ana haraka. Alikuwa amefikiri. Kile kisanduku kinakata kwa mwendo fulani, akasema, na mwendo huo unalia. Basi akiuharakisha zaidi, mlio utapanda mpaka upite masikio ya watu wote. Kwa kuwa yeye haoni tofauti, mimi niwe sikio. Nikakaa karibu na spika. Yeye akabadilisha kipande kimoja kidogo, akawasha.

"Bado?"

"Bado, lakini umepanda."

Akazima, akabadilisha kingine, akawasha.

"Na sasa?"

Nikasubiri. Nikamwita Mama naye akasikiliza. Akatikisa kichwa.

"Umeisha, Parrain."

Akacheka. "Bon. Sasa tuko sawasawa. Shiye bote hatuisikie."

Nilidhani mambo yameishia hapo, kwamba ni mlio mmoja tu wa juu uliompotea, kama inavyowapotea wazee wengi. Hata yeye alidhani hivyo. Kisha mama mzazi wa Mama wa Makomeno akaugua huko Manono, na Mama akapanda treni kwenda kumuuguza. Alikaa msimu mzima wa kiangazi.

Nilipomtembelea Parrain nilikuta madirisha yamefungwa mchana, joto limejaa ndani. Alinivuta mpaka jikoni.

"Tangu Mama alienda," alisema, "bantu banasema chini-chini. Ku kazi, ku kanisa. Nikifika karibu, banasema chini. Hata padri."

Msomaji aliyeishi miaka ile anajua maana yake. Watu wakianza kunong'ona ukikaribia, kuna aliyepeleka jina lako mahali. Mtu angeweza kuchukuliwa kwa maneno aliyoyasema juu ya shaba, tena mlangoni kwake. Parrain alikuwa amekonda. Alikuwa amekumbuka mlingoti wa bendera, ule mzaha usiokuwa mzaha, na alikuwa amezika uani waya zake zote zilizofanana na za redio ya kupelekea habari.

Nami pale nilikuwa nimesema neno na yeye ameniuliza "Nini?" Nikalirudia, akauliza tena. Alikuwa akinitazama kwa hofu, akidhani hata mimi ninanong'ona. Ndipo cherehani yangu ikanijia akilini, na Mama amekaa kando yake akiongea taratibu.

Nikamshika mabega nikasema kwa nguvu: "Parrain! Hakuna anayenong'ona! Watu wanasema kama kawaida. Ni masikio yako!"

"Mais Mama minamusikia muzuri."

"Mama anapiga kelele, Parrain. Kwako tu. Kwangu anaongea kwa sauti ndogo."

Alivuta kiti, akakaa. Aliutoa mkono wa kushoto mfukoni akauweka juu ya meza pamoja na wa kulia, akavitazama vidole.

"Tangu wakati gani?"

Sikujua. Wala yeye. Mama alikuwa ameipandisha sauti yake kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kadiri masikio ya mume yalivyoshuka, na yeye Parrain hakugundua chochote. Avenue nzima ikamwita mkali.

Mama aliporudi kutoka Manono nilikuwepo, nimewapikia sombe. Alishuka na mizigo yake, akaanza pale pale getini: "MUNAKULA NINI? JUU YA NINI MADIRISHA—"

"Acha," Parrain akamwambia.

Akaacha.

"Mutoto aliniambia. Juu ya nini ulinificha?"

Mama aliniangalia kidogo, bila hasira. Akamsogelea mumewe mpaka wakawa uso kwa uso. "Ungejua, ungeacha balampe zako," alisema kwa nguvu. "Ungekaa tu pa kiti. Miye nakujua."

"Bantu balikuita mukali."

"Baite."

Parrain hakuwa mtu wa kumshika mkewe mbele ya watu. Alimpokea kikapu tu. Lakini alisema, na ninakumbuka kila neno: "Usipige tena kelele. Kaa mbele yangu, sema na sauti yako. Nitaangalia kinywa."

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka iliyobaki. Meza ile iliyokatazwa hata vikombe ikaondolewa vifaa vyake, wakakaa kila mmoja upande wake, magoti yakikaribiana. Mama alisema polepole kwa sauti yake ndogo, na Parrain alifuata midomo yake. Mwanzoni alikosea vibaya. Aliombwa chumvi akaleta sabuni, Mama akacheka mpaka machozi. Baadaye hakukosea. Majirani walishangaa kimya kile, wengine wakasema wamegombana kabisa sasa, hawasemeshani.

Ampli isiyonguruma aliipa parokia, kwa ajili ya kwaya. Sikukuu ya kwanza ilipotumika nilisimama nyuma na wengine. Sauti za watoto zilitoka safi, hakuna kitu chini yao. Parrain alikuwa mstari wa mbele, amemgeukia mkewe badala ya altare, na Mama alikuwa akimwambia kwa midomo jinsi inavyolia. Alimweleza wimbo mzima. Padri aliwaona wakizungumza na safari hii aliendelea na misa.

Mama alifariki kabla ya mvua za mwaka fulani, kwa homa iliyomchukua upesi. Kwenye kilio watu walikuja kumpa Parrain pole, wakiinamia sikio lake na kupaza sauti, na yeye akaitikia kwa kichwa bila kuwatazama. Baada ya hapo aliacha kutazama vinywa. Ukikaa mbele yake, aligeuza macho. Nilijaribu Jumapili nyingi. Tulikaa, nikampikia, akala, nikaondoka. Sebule ilikuwa na kabati lenye mlango uliotobolewa, na ndani ya lile tundu hapakuwa tena na spika.

Mwishowe watoto walimwita Kongolo. Nilikwenda kumsindikiza stesheni. Ilikuwa mchana na mvua ilikuwa ikipiga bati la stesheni kwa nguvu zote. Watu walikuwa wamejaa na magodoro, mabeseni, kuku, kila mmoja akimwita mwenzake na hakuna aliyesikika. Parrain alikuwa ameshapanda. Nilimkuta kwenye dirisha ambalo halikufunguka, kioo kimelowa upande wangu. Nikakifuta kwa kitenge.

Kichwa cha treni kilipiga honi, ndefu. Watu waliziba masikio. Kando yangu mwanamke alikuwa akimlilia mwanawe dirishani, "Unasema nini? Sisikie! Unasema nini?" na mwanawe naye alifanya vivyo hivyo kutoka ndani.

Parrain alikuwa akinitazama. Usoni, mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu kilio.

Basi nikasema. Sikupaza sauti, ingefaa nini? Nilisema polepole, nikifungua kila neno, kama nilivyomwona Mama akifanya. Nilimwambia kwamba alikuwa baba kwangu miaka ambayo sikuwa na mwingine, kwamba Jumapili sitajua niende wapi, kwamba aniandikie au aandikishe mtu. Mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Yeye alipata yote. Nilimwona akiyapokea, neno baada ya neno. Kwenye "Jumapili" macho yake yakajaa.

Kisha akanijibu. Alisogea karibu na kioo akasema maneno, siyo kwaheri tu, maneno mengi, kwa utulivu, akinitazama kwa uhakika wa mtu anayejua kwamba anasikika. Mvua, honi, watu. Mimi mwenye masikio mazima sikupata hata moja. Nikapiga kelele, "Nini? Parrain, nini?" Alitabasamu, akayarudia yote tangu mwanzo, na treni ikaanza kutembea. Nilikimbia kando ya behewa mpaka sakafu ilipoishia, nikitazama ile midomo.

Hakurudi Lubumbashi, nami sikufika Kongolo.

Siku nyingine, mteja akiwa ameondoka na kioo cha kupimia nguo kiko wazi mbele yangu, ninajaribu. Ninafungua kinywa jinsi alivyofungua chake, ninafunga jinsi alivyofunga. Mwanzo wake nimeupata, nina hakika nao: "Mutoto yangu." Kinachofuata bado ninakitafuta.